Mchango wa Ng'ambo: Gusii, Harambee na Shule ya Filamu

Anayeomba nafasi ya shahada ya uzamili ya filamu katika vyuo kama UCLA au NYU huandaa mafungu mawili ya karatasi. Fungu la kwanza linamhusu yeye peke yake: matokeo ya shahada ya kwanza, barua za waliomfundisha au kumwajiri, maelezo ya hadithi anazotaka kuzisimulia, na mara nyingi muswada wa filamu fupi na kazi ya picha aliyokwisha kuipiga. Fungu la pili hufuata akishakubaliwa: hati za benki za kuthibitisha kwamba karo na matumizi vitalipika, ada ya viza, tiketi ya ndege. Katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, eneo la Gusii, fungu hili la pili lina historia yake. Kwa miongo mingi kumpeleka kijana ng'ambo kumekuwa shughuli ya ukoo, kanisa na soko zima, na kutokana na safari hizo wamepatikana mawaziri, wahadhiri, madaktari na wauguzi wengi. Watengenezaji filamu ni wachache mno. Wapo wanaosema ni umaskini, na wapo wanaosema Abagusii, wenyeji wa kaunti hizo, hawana haja na sanaa. Historia ya desturi yenyewe inaelekeza kwingine. Mchango wa Gusii umezoea kuja baada ya barua ya chuo, ilhali filamu hudai fedha kabla ya barua hiyo kuandikwa.

Desturi hii haikuzaliwa na mapenzi ya shule. Waingereza walipoweka kituo chao Kisii mwaka 1907 walipingwa kwa silaha, na Januari 1908 mpiganaji wa Kigusii, Otenyo, alimchoma mkuki afisa wao, Northcote. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Septemba 1914, Waingereza walipouacha mji kwa muda mbele ya jeshi la Wajerumani, wenyeji waliupora, na misheni zote mbili hazikusalimika. Shule ilikuwa mali ya mgeni. Kilichoibadilisha hesabu hiyo ni maisha ya kila siku yaliyofuata: kijana aliyejua kusoma alirudi akiwa karani, mwalimu au mhubiri, akalipwa fedha taslimu, akalipa kodi ya baba yake bila kuuza ng'ombe. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika wa sehemu chache kupanda kahawa, Gusii ilikuwa miongoni mwake pamoja na Meru na Embu. Kahawa, kisha pareto, kisha majani chai yaliyoenea baada ya Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, vilitia fedha mikononi mwa familia ndogo zenye mashamba madogo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikawa karo. Kulikuwa pia na utaratibu wa zamani wa kufanya kazi kwa pamoja. Risaga, kundi la majirani waliolimiana mashamba kwa zamu, liliwafundisha watu kwamba anayesaidiwa leo anadaiwa kesho. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu aliikumbuka zamu yake.

Misingi hiyo miwili, fedha za mazao na zamu ya majirani, ilikuwa tayari wakati milango ya ng'ambo ilipofunguka. Ndege ya kwanza iliyokodiwa kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na katika miaka michache iliyofuata mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walisafirishwa kwenda vyuo vya Marekani. Utaratibu ulikuwa wazi: mwanafunzi ajitafutie nafasi chuoni, ndege itolewe na wafadhili, na nyumbani wachangie masurufu ya kuanzia. Barua ya kuwaomba Wamarekani fedha mwaka ule ilitiwa saini na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, nyota wawili wa sinema. Jina la sinema lilisaidia kulipia ndege, lakini vijana waliosafiri walitakiwa warudi kushika nafasi za Waingereza waliokuwa wakiondoka, na katika orodha ya nafasi hizo hakuna aliyeandika mwongozaji wa filamu. Abagusii waliotoka nje ya nchi kwa njia mbalimbali katika zama zile walithibitisha kwamba hesabu ilikuwa sahihi. James Nyamweya alisomea sheria London akawa waziri. Zachary Onyonka alisomea uchumi hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Syracuse, akaingia Bungeni mwaka 1969, naye pia akawa waziri. Mzazi wa Kitutu au wa Mugirango, huko Gusii, hakuhitaji kuelezwa uchumi ni nini. Alimwona mchumi akishuka kwenye gari la serikali.

Baada ya uhuru, wito wa harambee uliipa desturi hii umbo ililo nalo hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu nyingi za Kenya zilichangishana kujenga vyuo vya ufundi, na Gusii ikapata chake, ambacho sasa ni Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisii. Lakini sambamba na majengo, harambee ilianza kuwahudumia watu. Huundwa kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, kadi huchapishwa na kugawiwa, mgeni rasmi hutafutwa, na siku ikifika jogoo au mkungu wa ndizi hupigwa mnada mpaka bei yake ipoteze maana ya sokoni. Kila anayetoa husomwa jina na kiasi. Watu wa nje huona kelele tu hapo, kumbe ni ukaguzi mkali wa uwekezaji. Kitu cha kwanza kinachoonyeshwa kwenye kamati ni barua ya chuo, na wachangiaji hupima mambo matatu kabla ya kufungua mkoba: je, tunaijua kazi anayokwenda kusomea, je, atalipwa lini, na je, zamu yetu itakapofika atakuwa na uwezo? Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 iliwabana viongozi katika kuchangisha, na M-Pesa iliyoanza 2007 ikahamishia sehemu ya shughuli kwenye simu na makundi ya WhatsApp, lakini maswali yale matatu hayakubadilika.

Kwamba desturi hii si ngumu kama jiwe kunathibitishwa na wauguzi. Kizazi cha Nyamweya na Onyonka kilitaka sheria, uchumi na utawala. Kuanzia miaka ya 1990, ajira za serikali zilipokauka na mishahara ikaliwa na bei, michango ya Gusii iligeukia uuguzi, na Minnesota ikawa makao ya mojawapo ya jumuiya kubwa za Abagusii nje ya Kenya. Kazi ya kumwosha mgonjwa na kumbadilisha shuka haikuwa na heshima ya uwakili, na ilipoanza kupendwa na vijana wa kiume ilikwenda kinyume na mawazo mengi ya wazee kuhusu kazi ya mwanamume. Hata hivyo kadi ziliuzwa na jogoo wakapigwa mnada. Sababu haikuwa mahubiri mapya kuhusu heshima ya kazi. Lokesheni nyingi zilikuwa na hospitali au kituo cha afya karibu, hospitali za misheni kama Tabaka zilikuwa zikiwafundisha wauguzi papo hapo, na aliyesafiri alituma fedha za kujenga nyumba ya matofali ndani ya muda mfupi. Jamii iliyabadilisha matakwa yake bila kuibadilisha kanuni yake: inachangia kazi ambayo imekwisha kuiona ikifanywa na kulipwa.

Filamu haikupata kuonekana hivyo. Sinema iliingia Afrika Mashariki kwa gari. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio uliofadhiliwa na shirika la Carnegie, ukiendeshwa na Notcutt na Latham kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na akiba, ukazizungusha Tanganyika, Kenya na Uganda. Kitengo cha filamu cha makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939 kiliendeleza njia hiyo, na baada ya uhuru magari ya idara ya habari na ya wafanyabiashara wa sabuni na sigara yaliendelea kutundika shuka sokoni usiku. Mwalimu wa misheni aliishi kijijini, akaoa, akajenga, mshahara wake ukajulikana. Mwendesha sinema alifika jioni, akaondoka alfajiri. Waliobaki walijua sinema kama burudani, lakini hawakumjua mtu hata mmoja aliyekula kwa sinema. Mafunzo nayo yalikaa Nairobi. Shule ya utangazaji iliyoanza 1961, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, ilipata idara ya filamu kwa msaada wa wakfu wa Kijerumani wa Friedrich Ebert, na ndiko alikosomea Anne Mungai aliyetengeneza Saikati mwaka 1992. Waliotaka kwenda mbele zaidi walivuka bahari: Wanjiru Kinyanjui alisoma katika chuo cha filamu na televisheni cha Berlin kabla ya The Battle of the Sacred Tree ya 1995, na Wanuri Kahiu alichukua shahada ya uzamili ya uongozaji UCLA kabla ya From a Whisper na Pumzi. Njia ilikuwepo, lakini mlango wake ulikuwa mbali na Nyamira.

Gusii yenyewe haikukosa kamera. Ilikosa kuishika. Kuanzia 1955 watafiti Robert na Barbara LeVine waliishi na kuchunguza kijiji walichokiita Nyansongo, na katikati ya miaka ya 1970 timu iliyofanya kazi na LeVine, wakiwamo madaktari na wanasaikolojia kutoka Marekani, iliwapiga picha za video akina mama wa Kigusii wakicheza na watoto wao wachanga na kuwafundisha kazi ndogondogo. Matokeo yake yamenukuliwa kwa miaka mingi katika mijadala ya kimataifa kuhusu malezi, hasa jinsi mama wa Gusii anavyomtuliza mtoto badala ya kumchangamsha kwa maneno na macho. Utafiti huo ulikuwa na faida yake, na si haki kuuhukumu kwa kosa ambalo haukulifanya. Lakini kwa hoja yetu una uzito: eneo ambalo nyuso za watu wake zilichunguzwa kwenye kanda, fremu kwa fremu, halikuwa na mwenyeji aliyeamua kamera isimame wapi. Maelezo ambayo chuo cha filamu humtaka mwombaji ayaandike, yaani ni nini anachokiona ambacho mwingine hakioni, yangepata malighafi tele hapa.

Yupo mtu mmoja anayeonyesha kwamba sanaa yenyewe haikuwa kikwazo. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, alisomea sanaa Makerere, kisha akachukua shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na kazi yake ya ndege imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Tabaka ni mahali ambapo uchongaji wa mawe laini unaonekana tangu asubuhi: mzee anachonga, vijana wanasugua kwa msasa, mama wanapaka nta, mnunuzi anafika na lori. Pale hakuna anayeuliza kama uchongaji ni kazi. Kijana anayesema anakwenda kusomea uchongaji anaeleweka kabla hajamaliza sentensi, na anapofika mbele ya walimu wa chuo kikuu ana kazi za kuonyesha, kwa sababu jiwe ni la kwao na tindo ni ya baba yake. Maandalizi yake yamelipiwa na mazingira yaliyomlea.

Hapa ndipo tofauti ya muuguzi na mwombaji wa filamu inapojitokeza wazi. Muuguzi huomba kwa vyeti na mitihani, na vyeti vimekwisha kulipiwa na karo ya miaka yote. Barua ikija, jamii huingia kati kulipia kilichobaki. Mwombaji wa filamu, hata awe na vyeti bora kiasi gani, kwa kawaida hana maombi yenye nguvu mpaka awe na filamu fupi, na filamu fupi inataka kamera, taa, maikrofoni, nauli za waigizaji, chakula cha siku za kupiga picha na kompyuta ya kuhariria. Gharama hizo zinakuja wakati hana barua ya kuonyesha mbele ya kamati. Akienda kwa wazee akawaambia wachange ili atengeneze kitu ambacho huenda kikamfanya akubaliwe na chuo, anawaomba waweke fedha kwenye bahati, na kanuni ya harambee imejengwa ili kuikwepa bahati. Hivyo fungu la pili la karatasi, lile ambalo Gusii ina uzoefu mkubwa wa kulishughulikia, halifikiwi kamwe. Anakwama kwenye la kwanza, na kijijini hakuna anayejua kwamba aliwahi kuomba.

Atakayepinga atasema kwamba dawa ya hayo ni ufadhili. Kuna Chevening kwa Uingereza, Fulbright kwa Marekani, kuna masomo ya pamoja ya Ulaya kama DocNomads, ambayo huwazungusha wanafunzi wa filamu za hali halisi Lisbon, Budapest na Brussels. Ni kweli, na kwa wengi hiyo ndiyo njia pekee. Lakini ufadhili hutibu fungu la pili, lile ambalo tayari lina tiba nyumbani, na huongeza uzito wa la kwanza. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa miaka 2 hivi, na shule za filamu zenye ufadhili hushindaniwa na watu ambao filamu zao fupi zimekwisha kuzunguka kwenye matamasha. Kadiri msaada unavyokuwa mkubwa ndivyo maandalizi yasiyolipiwa yanavyotakiwa kuwa mazuri zaidi. Kijana wa Nairobi mwenye rafiki katika kampuni ya matangazo anaweza kuazima kamera Jumamosi. Wa Nyansiongo au Ogembo ana safari ndefu zaidi ya kufika kwenye mstari huohuo wa kuanzia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: shule ya nini, wakati simu inapiga picha na mitandao inafundisha bure? Vichekesho na nyimbo za Kigusii zinazopigwa Suneka na Keroka hutazamwa na watu wengi kuliko filamu nyingi za wahitimu wa ng'ambo. Tabaka yenyewe ni ushahidi kwamba ustadi wa hali ya juu hurithiwa kwa kushika kazi bila darasa. Hoja hiyo inastahili kukubaliwa nusu. Kwa ufundi, kazi hufundisha kuliko kitabu. Hata hivyo, Tabaka ina funzo jingine: wachongaji wengi walioishi kwa oda za wanunuzi wamechonga viboko na vifaru vilevile kwa miaka, majina yao hayaandikwi chini ya sanamu, na bei hupangwa na aliye karibu na mtalii. Aliyesomea nje, jina lake lilisafiri pamoja na jiwe. Tena kuna suala la nani atawafundisha wengine. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka 1965 na kupewa hati yake Februari 2013, hakiwezi kufungua idara imara ya filamu bila wahadhiri wenye shahada za juu, kwa kuwa hivyo ndivyo elimu ya juu inavyosimamiwa Kenya. Mpiga picha hodari wa Keroka asiye na shahada ya uzamili ataalikwa kutoa mhadhara wa siku moja. Hataalikwa kuunda mtaala. Shahada ya uzamili inahitajika ili mlango ujengwe karibu, wale wa baadaye wasilazimike kuvuka bahari kwa ajili ya somo la kwanza.

Lipo jambo jipya ambalo wengi wanaliona bila kulihesabu. Wauguzi walioondoka hawawezi kurudi kwa kila msiba na kila harusi, na wanataka kuona. Kwa hiyo katika Kisii na Nyamira imekua kazi ya kupiga video za mazishi, harusi na harambee zenyewe, na kuzirusha moja kwa moja mtandaoni. Mpiga video sasa ni mtu anayejulikana kwa jina, mwenye kamera mbili, kijana wa kumbebea taa na bei inayotajwa kwenye bajeti ya mazishi karibu na jeneza na hema. Redio za Kigusii, Egesa FM ya Royal Media na Minto FM ya KBC, zimekwisha kuzoesha masikio kwamba hadithi ya nyumbani inaweza kuwalisha watangazaji. Kwa mara ya kwanza sharti la zamani la harambee limetimia kwa upande wa picha: jamii inaiona kazi ikifanywa, na inaiona ikilipwa. Fedha zinazoilipa zinatoka, kwa sehemu kubwa, kwa walewale waliosafirishwa kwa michango ya uuguzi. Desturi iliyoonekana kuisahau filamu imeanza kuigharimia kwa njia ya mzunguko.

Itasemwa kwamba video ya mazishi si sinema. Haijawa sinema, lakini kumbuka kwamba mafunzo ya Nairobi yalianza kwa kuwaandaa watumishi wa utangazaji, na kutoka humo wakapatikana waongozaji. Mtu aliyepiga matanga mengi amejifunza mambo ambayo darasa hulipisha ghali: kusimama mahali pasipomkwaza mfiwa, kuitambua sura yenye kisa katikati ya umati, kunasa sauti kwenye upepo, kuhariri usiku mmoja. Ana vifaa pia, na hilo ndilo lililokosekana. Kinachotakiwa ni hatua fupi kutoka oda ya mteja hadi kazi yake mwenyewe ya dakika kumi, na hatua hiyo ni ya fedha kidogo kuliko tiketi moja ya ndege. Gusii ikikubali kuchangia dakika hizo kumi kama inavyochangia tiketi, haitakuwa imevunja kanuni yake. Itakuwa imeisogeza mbele kidogo, kama ilivyofanya ilipohama kutoka uwakili kwenda uuguzi. Kamati zipo, mweka hazina yupo, na namba ya kutumia fedha iko kwenye kila simu. Kinachopaswa kubadilika ni tarehe ya kikao: kiitwe kabla chuo hakijajibu, wakati mwombaji bado ana muda wa kutengeneza filamu atakayoituma.